Jinsi ya kuoanisha amplifaya na spika za nyumbani bila kuunguza kitu

Swali linalojirudia kila siku ni hili: amp yangu nyuma imeandikwa omu 8, spika nilizopata ni za omu 4, zitaendana? Majibu yake ni vurugu tupu, huyu anasema namba lazima zilingane la sivyo unaunguza, yule anasema we funga tu mbona mimi nafunga na inapiga. Wote wawili wanashika upande mmoja wa jambo. Kwa amp za transista, ambazo ndo karibu zote zilizoko majumbani, ile namba ya nyuma sio impidansi (ukinzani dhidi ya mkondo wa sauti, unaopimwa kwa omu) ya amp yenyewe, ni mzigo ambao aliyeitengeneza anakuambia inaweza kuubeba. Impidansi ya amp yenyewe pale inapotokea sauti ni ndogo mno, mara nyingi haifiki hata omu 0.1. Kwahiyo hamna cha kulinganisha 8 na 8, kazi yako ni kuhakikisha spika haishuki chini ya kiwango kilichoandikwa. Kwa amp za valvu (zile zenye taa za kioo badala ya transista) mambo yanageuka kidogo, nazo nitazifikia.

Najua kuna waliosoma fizikia watasema nguvu nyingi zaidi inapita pale ukinzani wa chanzo na wa mzigo vikiwa sawa. Kanuni ni ya kweli kabisa, ila inahusu chanzo ambacho ukinzani wake huwezi kuugusa. Ungetengeneza amp yenye omu 8 ndani ukaifungia spika ya omu 8, nusu ya nguvu yote ingeishia kuwa joto ndani ya amp na koni ya besi ingekosa breki, inaendelea kucheza hata pigo likishaisha. Ndo maana mafundi wa amp wanapigania kuishusha hiyo impidansi ya ndani iwe ndogo iwezekanavyo.

Hatua ya 1: soma nyuma ya amp, na usome yote

Usiangalie namba moja ukakimbia. Tafuta karibu na matundu ya spika. Ukikuta 4–16 ina maana spika yoyote ya kuanzia omu 4 mpaka 16 iko salama. Ukikuta "A au B: 4–16, A+B: 8–16" (A na B ni seti mbili za matundu ya spika) hapo ndo wengi wanapotelea, wanaona 4 wanafurahi, wanafunga spika nne za omu 4 halafu wanabonyeza A na B pamoja. Kwenye amp nyingi ukiwasha A+B spika zinaungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), zile omu 4 mbili za upande mmoja zinakuwa omu 2, na amp haikuahidi kitu kama hicho.

Kama ni zile bodi ndogo za kidigitali zenye chipu kama TPA3116D2, angalia na volti za adapta. Chipu hiyo inatoa wati 50 kila upande kwenye omu 4 ukiilisha volti 21, ukiilisha volti 12 usitegemee hizo wati hata ukiomba. Na muhimu kuliko vyote, kwenye bodi za aina hii waya wa hasi wa spika SIO ardhi. Usiunganishe hasi ya kushoto na hasi ya kulia, na usiigusishe kwenye kasha la chuma, pande zote mbili za spika zinasukumwa na amp.

Amp ikiwa na modi ya briji, yaani chaneli mbili zinafanya kazi kama moja, kila chaneli inaiona nusu ya spika. Spika ya omu 8 kwenye briji kila chaneli inaiona kama omu 4. Kwahiyo amp ambayo kikomo chake kwa kawaida ni omu 4, ikiwa briji kikomo kinakuwa omu 8.

Hatua ya 2: ijue spika yako kweli kweli

Kama lebo ipo, iamini kwa sehemu kubwa. Ila elewa kwamba omu 8 za kwenye lebo ni jina tu la ukubwa, kama namba ya kiatu. Impidansi halisi inapanda na kushuka kufuata masafa (mitetemo kwa sekunde, yaani hezi: chini ni besi, juu ni sauti kali). Pale kwenye mlio wa asili wa besi inaweza kuruka mpaka omu 30 au 40, halafu inashuka, afu inapanda tena taratibu kwenye masafa ya juu kwasababu koili ni koili. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60268-5 kinataka ile sehemu ya chini kabisa isishuke chini ya asilimia 80 ya namba ya lebo, kwahiyo spika ya omu 8 inaruhusiwa kushuka mpaka 6.4 na ya omu 4 mpaka 3.2. Kuna spika zinashuka zaidi ya hapo na lebo iko palepale, haioni aibu.

Lebo ikiwa imetoka, chukua multimita, weka kwenye omu, renji ya chini kabisa, gusanisha kwanza ncha zake mbili uone waya za mita zenyewe zina ngapi (mara nyingi 0.2 hadi 0.5) utoe hiyo namba. Pima spika ikiwa imechomolewa kwenye amp. Usitegemee kusoma 8, mita inapima ukinzani wa mkondo mnyoofu (DC) tu na huo huwa chini ya impidansi. Ukisoma kati ya 5.5 na 7 hiyo ni ya omu 8. Ukisoma 4.5 hivi mpaka 5 ni ya omu 6. Ukisoma 3 mpaka 3.8 ni ya omu 4. Mita ikionyesha OL au 1 pekee isiyobadilika, koili imekatika au kuna kapasita njiani, twita (spika ndogo za sauti kali) nyingi zinasoma hivyo ukizipimia kwenye kapasita yake.

Hapo hapo kwenye kapasita kuna jambo linawachanganya watu. Boksi lina wufa (spika kubwa ya besi) ya omu 8 na twita ya omu 8, mbona haliwi omu 4? Kwasababu krosova inawagawia masafa. Kapasita ya maikrofaradi 4.7 kwenye hezi 100 ina kama omu 340, kwahiyo kwenye besi twita ni kama haipo, inaanza kushika kazi vizuri kama kwenye hezi 4,200 na kwenda juu. Lakini ukiongeza wufa ya pili au spika ya kati bila krosova, hapo unagawanya kweli, na boksi lililokuwa omu 8 linakuwa omu 4 huku lebo ya nyuma bado inasema 8.

Sabwufa za gari nazo zinaingia sana majumbani siku hizi. Ukikuta imeandikwa 4+4 ina koili mbili. Ukiunga mfululizo (moja ikifuata nyingine, hatua ya 3 inaeleza) unapata omu 8, sambamba unapata omu 2. Kwa amp ya nyumbani jibu ni mfululizo, wala usijadili.

Hatua ya 3: piga hesabu ya muungano

Mfululizo ni chanya ya amp kwenda chanya ya spika ya kwanza, hasi ya kwanza kwenda chanya ya pili, hasi ya pili inarudi kwenye amp. Unajumlisha tu: 4 na 4 ni 8, 8 na 8 ni 16. Sambamba ni chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, spika zikifanana unagawa kwa idadi yake: mbili za 8 ni 4, tatu za 8 ni 2.67, mbili za 4 ni 2. Zisipofanana unazidisha halafu unagawa kwa jumla, mfano 8 na 4 inakuwa 32 kugawa kwa 12, yaani 2.67. Spika nne za omu 8, fanya jozi mbili za mfululizo (16 na 16) kisha jozi ziunge sambamba, unarudi kwenye 8.

Angalizo kwa wanaochanganya: 8 na 4 zikiwa sambamba, ile ya 4 inakula nguvu mara mbili ya mwenzake. Zikiwa mfululizo ni kinyume, ya 8 ndo inakula mara mbili. Na mfululizo ufanye kwa spika zinazofanana kabisa tu, modeli ileile, la sivyo kupanda na kushuka kwa impidansi ya moja kunaharibu sauti ya nyingine, utasikia besi imekuwa ya ajabu na hujui kwanini. Ukiwa na spika mbili tofauti bora kila moja ipate chaneli yake.

Hatua ya 4: elewa kwanini omu ndogo inaumiza amp

Chukua amp inayotoa volti 20. Kwenye spika ya omu 8 mkondo ni ampea 2.5 na nguvu ni wati 50. Weka ya omu 4, volti zilezile, mkondo unakuwa ampea 5 na wati 100. Weka omu 2, ampea 10, wati 200. Kwenye karatasi unaona umeshinda, sauti ya bure! Ila hizo ampea 10 lazima zitoke kwenye transfoma na zipite kwenye transista, na joto linapanda pamoja nazo. Amp ndogo haifiki hata hizo wati 200, volti zinaanguka, mawimbi yanakatika vichwa, proteksheni inaruka kama ipo, na kama haipo basi transista inapita njia ya mkato na kupeleka mkondo mnyoofu kwenye spika. Hapo umepoteza vyote viwili.

Upande wa pili, omu kubwa kuliko ilivyoandikwa haiumizi amp ya transista. Seti ndogo nyingi za redio huja na spika za omu 3, 4 au 6, ukizifungia boksi za omu 8 wati zinapungua (kutoka 4 kwenda 8 ni nusu) ila kwa sikio tofauti ni ndogo, na saa ingine sauti inakuwa kubwa zaidi kwasababu boksi jipya lina usikivu mzuri. Usikivu, yaani sauti inayotoka kwa umeme uleule, ndo namba ya desibeli, nayo ina ujanja wake: wengi wanapima kwa volti 2.83, ambazo kwenye omu 8 ni wati 1 ila kwenye omu 4 ni wati 2. Spika ya omu 4 yenye desibeli 90 kwa volti 2.83, kwa wati 1 ni 87 tu. Usidanganyike na hiyo 90 ukilinganisha na ya omu 8.

Kuna wanaoshauri uongeze rezista ya omu 4 mfululizo na spika ya omu 4 ili amp ione 8. Amp itaona 8 kweli. Nusu ya nguvu itapikwa kwenye rezista, na kwa upande wa spika ni kama amp yako sasa ina impidansi ya omu 4, besi inalegea na sauti inabadilika rangi kufuata mkunjo wa spika. Mimi siwezi kukushauri hivyo, labda iwe ni dharura ya usiku mmoja na rezista iwe ya wati nyingi, iwekwe mbali na nguo.

Na ile swichi ya 4/6/8 kwenye menyu au nyuma ya risiva za sinema? Kwenye nyingi inachofanya ni kupunguza volti za ndani ili isipate moto, haifanyi amp iwe na nguvu kwenye omu 4. Ukiwa na spika za 8 iache kwenye 8. Ukiwa na za 4 au 6 fuata kitabu chake, na kubali kwamba wati zitapungua.

Hatua ya 5: waya

Waya nao ni ukinzani na unajumlishwa kwenye impidansi ya amp. Shaba ya milimita za mraba 1.5, spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye amp (kwenda na kurudi ni mita 20) ina omu 0.23. Ya 2.5 ina 0.14. Zile waya nyembamba za 0.5 zinazokuja na seti zina 0.69, na hiyo kwa spika ya omu 4 ni nyingi. Kanuni ninayotumia ni waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika, kwahiyo 0.4 kwa ya omu 8 na 0.2 kwa ya omu 4. Chumba cha kawaida waya wa 1.5 unatosha, ikiwa mbali au spika ni za 4 nenda 2.5. Waya za bei za kutisha zenye maneno mengi kwenye boksi achana nazo, unene na urefu ndo vinavyohesabika.

Ukishafunga hakikisha chanya iko kwa chanya pande zote. Huna uhakika? Chomoa waya upande wa amp, gusisha betri ya volti 1.5 (chanya yake kwenye waya wa chanya) sekunde moja tu, koni ya wufa ikiruka nje ndo chanya yako iko sawa.

Hatua ya 6: kama amp ni ya valvu

Hapa ndo kuna kuoanisha kwenyewe. Valvu inataka mzigo wa maelfu ya omu, spika ni omu chache, katikati kuna transfoma. Transfoma inabadilisha impidansi kwa mraba wa uwiano wa mizunguko yake, kwahiyo uwiano wa 25 kwa 1 unaigeuza omu 8 kuwa 5,000. Ndo maana nyuma kuna tundu la 4, la 8 na la 16, na spika inaenda kwenye tundu la namba yake. Ukiweka spika ya 4 kwenye tundu la 8, valvu inaona 2,500 badala ya 5,000, wati zinapungua, mkwaruzo unaongezeka. Kukosea ngazi moja kwa sauti ya kawaida hakuui, na spika ya omu 6 unaweza kuijaribu kwenye 4 na kwenye 8 ukabaki na inayokupendeza masikioni. Zima amp kila unapohamisha waya.

Kitu ambacho hakina mjadala: usiwashe amp ya valvu bila spika ukaipa muziki. Transfoma isiyo na mzigo inaweza kuzalisha volti kubwa sana upande wa valvu, cheche zinaruka kwenye soketi au ndani ya transfoma yenyewe. Ni kinyume kabisa na amp ya transista, ambayo bila spika inakaa tu haina shida, ila inachukia kuguswishwa waya chanya na hasi.

Hatua ya 7: pima mwenyewe impidansi ya amp

Hii ni ya wapenda kujua, na ni kwa amp ya transista tu. Cheza toni ya hezi 60 kutoka kwenye simu, ongeza sauti taratibu mpaka mita iliyowekwa volti za AC isome kama 4.00 kwenye matundu ya spika pasipo kitu chochote kufungwa. Sasa funga rezista ya omu 8 ya wati 10 au zaidi, soma tena bila kugusa sauti. Toa namba ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 8, gawa kwa namba ya pili. Ikishuka kutoka 4.00 mpaka 3.90, amp yako ina omu 0.2. Ikishuka mpaka 3.20 ina omu 2, na hiyo ni tabia ya valvu zaidi kuliko transista. Isiposhuka kabisa ni kwamba impidansi ni ndogo kuliko mita yako inavyoweza kuona, habari njema hiyo.

Kwanini ujisumbue? Spika inayocheza kati ya omu 6 na 30, kwenye amp ya omu 2 inapishana karibu desibeli 2 kati ya masafa na masafa, na hizo unazisikia. Kwenye amp ya omu 0.05 tofauti haifiki hata desibeli 0.1. Kwahiyo mtu akikuambia amp yake ya valvu ina "joto" na yako haina, sehemu ya hilo joto ni hesabu hii hapa.

Hatua ya 8: washa kwa adabu

Sauti ikiwa chini kabisa, washa, sikiliza kama kuna mlio wa ajabu. Panda taratibu. Cheza nusu saa kwa sauti unayoitumia siku zote halafu weka mkono juu ya amp: vuguvugu ni sawa, ukishindwa kuuacha mkono sekunde tano basi mzigo ni mzito au hewa haipiti. Kabla ya kulaumu omu angalia kama kuna kitambaa au dekoda juu ya matundu ya kupumulia, sababu ya kawaida kabisa.

Ikizima yenyewe kwenye besi nzito tu, mzigo uko chini, rudi hatua ya 3 upige hesabu upya. Ikizima papo hapo hata sauti ikiwa sifuri, tafuta uzi wa waya uliotoka na kugusa tundu la jirani, au pima spika, koili iliyoungua saa ingine inasoma omu 1 au chini ya hapo. Chomoa spika zote uwashe tena, ikibaki imewaka tatizo liko kwenye waya au spika, ikizima tena bila spika hiyo ni ya kufunguliwa na fundi.